Maneno na Misemo ya Kichina ya Biashara: Jifunze kwa Kufuata Njia ya Mzigo

Mgeni aliyekariri namba za Kichina akaingia katika maduka ya jumla ya Yiwu, mji wa biashara nchini China, huweza kusikia maneno dǎ jiǔ zhé (打九折) na kufurahi kupita kiasi. Jiǔ anajua ni tisa, zhé ameambiwa ni punguzo, kwa hiyo anahitimisha kwamba bei imeshuka kwa asilimia 90. Kumbe muuzaji amempunguzia asilimia 10 tu, kwa kuwa Wachina hutaja sehemu ya bei inayobaki kulipwa, nao hawataji ile inayoondolewa. Dǎ bā zhé ni kulipa asilimia 80, na dǎ jiǔwǔ zhé ni kulipa asilimia 95. Huyu mgeni hakukosa msamiati; alijifunza kila neno peke yake, nje ya muamala ambamo neno hilo hufanya kazi.

Mwongozo huu umekusudiwa yule anayesafiri kwenda Guangzhou au Yiwu kukusanya bidhaa, yule anayeagiza kwa simu akiwa Kariakoo, Mombasa au Kampala, na pia mwanafunzi anayetaka kuwa mkalimani wa wafanyabiashara. Ushauri wangu mkuu ni kwamba maneno yapangwe kwa kufuata safari ya mzigo, tangu bei inapoulizwa hadi kontena linapofunguliwa. Orodha za HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, zina faida yake, lakini mtu anaweza kupita ngazi mbili tatu za mtihani huo akiwa hodari wa kueleza hali ya hewa na jamaa zake, huku hajui kuuliza ni vipande vingapi vya chini kabisa ambavyo kiwanda kitakubali kutengeneza.

Sikio kabla ya daftari

Kichina Sanifu kina toni nne, na katika biashara toni huamua nani anatoa fedha na nani anapokea. Kununua ni mǎi (买), kwa toni ya tatu inayoshuka kisha kupanda. Kuuza ni mài (卖), kwa toni ya nne inayoanguka ghafla. Mimi huwaambia wanafunzi wafikirie kwamba mnunuzi husitasita, sauti yake ikazama na kuinuka, ilhali muuzaji hutaja bei yake kwa mkato. Maandishi nayo yanasaidia: herufi ya kuuza ni ileile ya kununua iliyoongezewa alama ya 十 juu, kama mchuuzi aliyejitwika bidhaa kichwani. Ukiziunganisha, mǎimai (买卖), unapata neno linalomaanisha biashara yenyewe.

Msomaji ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kihaya, Kikikuyu au Kinyarwanda tayari anaishi na lugha yenye toni, na asione haya kuutumia uzoefu huo. Msomaji wa pwani naye ana hazina yake. Tofauti ya b na p katika pinyin, ambayo ndiyo tahajia ya Kichina kwa herufi za Kilatini, ni tofauti ya pumzi: b hutamkwa bila kutoa pumzi nyingi, na p hutamkwa kwa pumzi. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja hutofautisha hivyohivyo paa la nyumba, lisilo na pumzi, na paa mnyama, mwenye pumzi. Vilevile kaa la moto na kaa wa baharini. Anayesikia tofauti hiyo amekwisha kupata b na p, d na t, g na k za Kichina bila mwalimu.

Namba nne na kumi zinahitaji tahadhari ya pekee. Nne ni sì na kumi ni shí, lakini wasemaji wengi wa kusini, wakiwamo wa Guangdong na Zhejiang, hutamka sh kama s, na hapo toni pekee ndiyo hubaki kuzitenganisha. Ukiwa na shaka, omba kikokotoo. Hakuna atakayekucheka, kwa sababu katika maduka hayo kikokotoo hupita mkono kwa mkono siku nzima hata kati ya Wachina wenyewe. Tazama na vidole pia: kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja humaanisha nane, ingawa macho yetu huona viwili.

Hesabu zinazomponza mgeni

Kiswahili kina laki. Kichina hakina, ila kina wàn (万), yaani elfu kumi. Laki moja kwa Kichina ni shí wàn, kumi za elfu kumi. Laki mbili na nusu ni èrshíwǔ wàn. Milioni moja ni yìbǎi wàn. Njia nyepesi ni kuandika namba uliyoisikia kabla ya wàn kisha kuongeza sufuri nne, na kuliacha jicho lifanye tafsiri.

Zaidi ya hapo, Wachina hupenda kukata mkia wa namba. Yìbǎi wǔ (一百五) haimaanishi 105 bali 150, kwa kuwa neno la makumi limeachwa. 105 husemwa yìbǎi líng wǔ, na ile líng, yaani sufuri, haiachwi kamwe. Kadhalika sānbǎi bā ni 380. Asiyejua jambo hili atakubali bei ya yuani 380 akidhani ni 308, na katika vipande elfu moja tofauti hiyo ni yuani 72,000. Na kama unataka kutaja 250, chagua 248 au 255, kwa maana èrbǎi wǔ ni tusi la kumwita mtu mpumbavu.

Uzito nao una mtego. Jīn (斤) ni nusu kilo, na kilo kamili ni gōngjīn (公斤). Bei ya kitambaa au ya plastiki inayotajwa kwa jīn huonekana nafuu mpaka utakapoizidisha mara mbili. Kuhusu fedha yenyewe, yuán ni neno la maandishi. Mdomoni utasikia kuài, na sehemu yake ya kumi huitwa máo.

Kutoka bei hadi kontena

Anza na swali. Kwa bahati nzuri Kichina kinauliza bei kama Kiswahili kinavyouliza: zhège zěnme mài? (这个怎么卖) ni sawasawa na "hii unauzaje?" Mwenye duka mwite lǎobǎn (老板), kama watu wanavyoitana "bosi" Kariakoo, na mke wa mwenye duka, au mama mwenye duka, mwite lǎobǎnniáng (老板娘), mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bei. Bei ikiwa juu, sema tài guì le (太贵了). Kuomba ipungue ni néng bu néng piányi yìdiǎn? (能不能便宜一点), na kitendo cha kupigania bei huitwa kǎnjià (砍价), maana yake halisi ikiwa kuikata bei kwa shoka. Kabla ya kukata, uliza qǐdìngliàng (起订量), kiwango cha chini cha oda, kwa sababu bei ya vipande mia haiwezi kulinganishwa na bei ya vipande elfu tano. Uliza pia kama bei ni hánshuì (含税), iliyojumuisha kodi, au bù hánshuì, isiyojumuisha.

Hapa ndipo familia za maneno zinapomlipa mwanafunzi. Neno huò (货) ni bidhaa au mzigo, na kutoka kwake huzaliwa xiànhuò (现货), bidhaa iliyopo stoo sasa hivi. Fāhuò (发货), kutuma mzigo. Yànhuò (验货), kukagua mzigo. Jiāohuòqī (交货期), muda wa kukabidhi. Tuìhuò (退货), kurudisha bidhaa. Bǔhuò (补货), kujazia zilizopungua. Huòdài (货代), wakala wa kusafirisha. Na huòguì (货柜), kontena. Kwa kukariri herufi moja umepata maneno manane, na yote utayahitaji katika safari moja.

Tazama sehemu ya chini ya herufi 货. Kile kipande 贝 (bèi) ni kauri wa baharini, aliyetumika kama fedha katika China ya kale. Kipande hicho kimejificha katika guì (贵), ghali. Fèi (费), ada. Cái (财), mali. Zhàng (账), hesabu. Zhuàn (赚), kupata faida. Péi (赔), kupata hasara au kulipa fidia. Zhài (债), deni. Na mào (贸), biashara. Msomaji wa Uganda hatashangaa, kwani neno la Kiganda la fedha, ensimbi, ni jina la kauri haohao waliotoka pwani yetu, ambao Kiswahili huwaita pia simbi. Ukikutana na herufi ngeni yenye 贝 katika ankara, jua kwamba huenda inahusu fedha au thamani, kisha uitafute. Programu ya kamusi iitwayo Pleco hukuruhusu kuichora kwa kidole.

Malipo ya awali yanastahili aya ndefu kuliko yote, maana hapa kosa la herufi moja lina gharama. Kuna maneno mawili yanayotamkwa dìngjīn kwa toni zilezile: 定金 na 订金. La kwanza ni arabuni, malipo ya kufungia makubaliano, na sheria inalipa nguvu maalumu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, mnunuzi aliyetoa 定金 akivunja makubaliano kiasi cha kuharibu lengo la mkataba huipoteza, na muuzaji aliyeipokea akiyavunja kiasi hichohicho hurudisha mara mbili. Hata hivyo kiasi chake hakiwezi kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hapo hakihesabiwi kuwa arabuni. La pili, 订金, kwa kawaida huchukuliwa kuwa malipo ya mbele tu, yasiyo na adhabu hiyo. Kwa kuwa sikio haliwezi kuyatofautisha, maneno hayo yajifunze kwa macho, na risiti isomwe kabla ya fedha kutoka. Katika viwanda vingi mazoea ni kutoa asilimia 30 mwanzoni na kumalizia asilimia 70, inayoitwa wěikuǎn (尾款), "malipo ya mkiani", kabla ya mzigo kuondoka. Ukaguzi, yaani yànhuò, ufanyike kabla ya mkia huo kulipwa.

Sampuli ni yàngpǐn (样品), mkataba ni hétong (合同), ubora ni zhìliàng (质量), na bidhaa yenye kasoro ni cìpǐn (次品). Fāpiào (发票) ni ankara rasmi ya kodi, nayo ni tofauti na shōujù (收据), risiti ya kawaida. Wauzaji wengi wadogo hutoa hiyo ya pili isipokuwa umeomba ya kwanza na kuilipia.

Mzigo ukifika bohari ya wakala, maneno huwa machache na rahisi. Hǎiyùn (海运) ni kusafirisha kwa meli, kōngyùn (空运) kwa ndege. Zhěngguì ni kontena zima, na pīnguì ni kuchangia kontena na wengine, ambapo utalipa kwa lìfāng (立方), yaani mita za ujazo. Kwenye katoni utaona máozhòng (毛重), uzito pamoja na kifungashio, na jìngzhòng (净重), uzito wa bidhaa pekee. Alama ya kutambulisha mzigo wa mteja huitwa màtóu, au màitóu midomoni mwa wengi (唛头). Forodha ni hǎiguān (海关), "lango la bahari", na kuutoa mzigo forodhani ni qīngguān (清关), "kulisafisha lango".

Kuna neno moja la wakati ambalo limewachelewesha wengi. Muuzaji akisema mzigo utatoka niánqián (年前), "kabla ya mwaka", mara nyingi anakusudia kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya takriban tarehe 21 Januari na 20 Februari. Aliyekuwa akisubiri bidhaa zake zipakiwe Desemba atakuwa amekosea kwa wiki kadhaa, na zikipita wiki hizo viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi kwao. Omba tarehe kwa namba.

Misemo: sikiliza kwanza, tumia baadaye

Misemo mingi ya Kichina ya herufi nne, iitwayo chengyu (成语), imetoka katika lugha ya kale, ndiyo maana sarufi yake imebanwa na haitafsiriki neno kwa neno. Ijifunze pamoja na kisa chake. Mwanafalsafa Han Fei, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, alisimulia habari za mtu wa Chu, dola ya China ya kale, aliyeuza mikuki na ngao. Alizisifu ngao kwamba hakuna kitu kinachoweza kuzitoboa, kisha akaisifu mikuki kwamba hakuna kitu isichoweza kukitoboa. Mtu mmoja akamuuliza itakuwaje mkuki wake ukiipiga ngao yake, naye akakosa jibu. Kutokana na kisa hicho tuna zì xiāng máo dùn (自相矛盾), kujipinga mwenyewe, na neno la kila siku máodùn, "mkuki na ngao", lenye maana ya mkinzano. Muuzaji wa soko lolote duniani anamfahamu ndugu huyo.

Han Fei huyohuyo ndiye mwenye mǎi dú huán zhū (买椟还珠), kununua kisanduku na kurudisha lulu, kuhusu mnunuzi aliyevutiwa na kifungashio kilichopambwa akamrudishia muuzaji lulu iliyokuwa ndani. Msemo huu hufaa sana mnapozozana juu ya boksi la bidhaa kuliko bidhaa yenyewe.

Ile utakayoisikia kila siku haina visa virefu. Yì fēn qián yì fēn huò (一分钱一分货), senti moja bidhaa ya senti moja, ni jibu la muuzaji kwa mtu anayelalia bei, na sisi tungesema rahisi ni ghali. Jibu la mnunuzi ni huò bǐ sān jiā (货比三家), linganisha bidhaa katika maduka matatu; ukilisema kwa upole huku ukielekea mlangoni, bei huweza kubadilika. Bó lì duō xiāo (薄利多销), faida nyembamba mauzo mengi, litumie unapoahidi oda kubwa, na ulitumie kwa ukweli. Mabishano yakipamba moto, hé qì shēng cái (和气生财), upole huzaa mali, huyatuliza. Maneno hayo mara nyingi yametundikwa ukutani dukani, kwa hiyo unaweza hata kuyaonyesha kwa kidole.

Nikitakiwa kuchagua msemo mmoja tu wa kuufundisha, ningechagua qīn xiōngdì, míng suànzhàng (亲兄弟，明算账): hata ndugu wa tumbo moja huhesabiana waziwazi. Mnunuzi anayeomba mkataba uandikwe huogopa kuonekana hamwamini mwenzake, na msemo huu huiondoa aibu hiyo, kwa sababu unamweka muuzaji katika nafasi ya ndugu wakati uleule unapomtaka aandike. Kiswahili kimelisema jambo hilo kwa ukali zaidi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ipo pia aina iitwayo xiehouyu (歇后语), ambayo msemaji hutaja nusu ya kwanza na kuiacha ya pili kwa msikilizaji, kama mzee anayesema "haba na haba" na kunyamaza. Wáng pó mài guā (王婆卖瓜), bibi Wang anauza matikiti, hukamilishwa na zì mài zì kuā, anauza mwenyewe na kujisifu mwenyewe. Nyingine huchezea matamshi: mpwa anashika taa, wàisheng dǎ dēnglong, hukamilishwa na zhào jiù, "anammulikia mjomba", ambayo husikika sawa na 照旧, "kama zamani". Mteja wa kudumu akiuliza bei ya safari hii na kujibiwa kwa habari za mpwa na taa, ajue bei haijabadilika.

Misemo ya lawama ielewe lakini uifungie kinywani. Guà yángtóu mài gǒuròu (挂羊头卖狗肉), kutundika kichwa cha kondoo na kuuza nyama ya mbwa, ni kumwita mtu laghai mbele ya watu. Bidhaa ikija tofauti na sampuli, picha mbili zilizowekwa bega kwa bega na neno cìpǐn zitakupatia fidia mapema kuliko methali.

Namna ya kufanya mazoezi

Chukua oda moja uliyokwisha kuifanya, au ankara ya rafiki, na uisome neno kwa neno mpaka usibakiwe na herufi usiyoijua. Hati moja ya kweli ina maneno hamsini au sitini yanayorudi katika kila oda, na kuyamiliki hayo kuna thamani kuliko kugusa mia tano. Kila neno liandikie herufi, pinyin yenye alama ya toni, na sentensi iliyotoka kwa muuzaji halisi. Programu ya kadi za marudio kama Anki itakukumbusha kwa vipindi vinavyorefuka.

Mazungumzo ya WeChat nayo ni shule isiyolipiwa ada. Wauzaji hupenda kutuma ujumbe wa sauti. Ubonyeze kwa muda nawe utapata chaguo la kuugeuza kuwa maandishi, usikilize tena huku unasoma, kisha urudie kwa sauti yako. Ikiwa lafudhi inakushinda, andika qǐng dǎzì (请打字), tafadhali andika. Majibu yako yaandike mwenyewe kwa pinyin badala ya kubandika tafsiri ya mashine, kwa kuwa kuchagua herufi sahihi kati ya zile simu inazokuletea ni mtihani mdogo unaorudiwa mara mia kwa siku.

Hatimaye zoea kusikia "hapana" isiyosemwa. Yánjiū yánjiū (研究研究), tutalichunguza, kǎolǜ kǎolǜ (考虑考虑), tutafikiria, na zài shuō ba (再说吧), tutazungumza baadaye, ni ndugu wa "tutaangalia" yetu, na mtu aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" katika ofisi yoyote ya kwetu hahitaji ufafanuzi zaidi. Chàbuduō (差不多), inakaribia, ni la hatari zaidi kwa sababu linafanana na ndiyo. Rangi ikielezwa kuwa chàbuduō, vipimo vikawa chàbuduō, na tarehe ikawa chàbuduō, uliza chà duōshao? (差多少), imepungua kwa kiasi gani, kisha ngoja mpaka jibu litolewe kwa namba na liandikwe kwenye oda.